Roshani ya Juu, La Scala

Nilikwenda Milano kwa ajili ya onyesho lililofanyika kabla sijazaliwa. Tarehe 28 Mei 1955, katika jumba la opera la La Scala, Maria Callas aliimba nafasi ya Violetta katika La traviata ya Verdi. Luchino Visconti ndiye aliyeongoza uigizaji, na Carlo Maria Giulini akaongoza okestra. Wahakiki wakagawanyika. Wako walioona opera imezaliwa upya mbele ya macho yao, na wako walioona Verdi amevunjiwa heshima nyumbani kwake. Ugomvi ule haujaisha mpaka leo, na mtu anayeandika juu ya waimbaji, kama mimi ninayeandika juu ya taarab na dansi huku kwetu Tanga, hana budi kuufuata. Sauti za usiku ule zilinaswa, na rekodi ipo. Mara ya kwanza niliisikia kwenye kaseti aliyorudi nayo mjomba wangu baharia kutoka Genoa. Kadiri nilivyoisikiliza ndivyo nilivyotamani kufika mahali penyewe, nikae juu kabisa, walikokaa waliomlilia na waliomzomea.

Fursa ilikuja kwa mpwa wangu, muuguzi anayefanya kazi Zürich. Alinipigia simu, akaamkia, kisha akasema, "Mjomba, kutoka kwangu mpaka Milano ni saa tatu na ushee kwa treni. Ukija Ulaya usipofika huko, mimi sitakuwa na la kukuambia." Akanunua tiketi za treni na za opera kabla sijapata hata viza.

Tuliondoka Zürich asubuhi. Treni iliambaa na maziwa, ikaingia milimani, na baada ya Arth-Goldau vilele vilikuwa vyeupe kwa theluji ilhali bondeni ng'ombe walikuwa malishoni. Kisha tukazama katika handaki la Gotthard, lenye urefu wa kilomita 57 chini ya milima ya Alpi, refu kuliko handaki lolote la reli duniani. Lilifunguliwa 2016. Kwa muda mrefu dirisha lilikuwa jeusi tupu. Nikampa mpwa wangu upande mmoja wa hedifoni, nikabaki na wa pili, nikaweka tendo la tatu la ile Traviata ya 1955, pale Violetta anapojua kwamba anakufa na anaaga alichokipenda.

Alisikiliza kwa makini, uso ameukunja. "Mjomba, ndiye huyu? Mbona sauti yake ina kokoto?"

Nilifurahi kupita kiasi. Kurasa chungu nzima zimeandikwa juu ya sauti ya Callas, na nyingi zinazunguka jambo hilo hilo alilolisema binti yule kwa pumzi moja. Sauti ile haikuwa ya kusifiwa kwa ulaini. Chini ilikuwa nzito na yenye giza. Katikati ilikuwa kama imefunikwa kitambaa. Juu ilikuwa kali ya kukata, na miaka ilivyokwenda noti za juu zikaanza kuyumba. Waliompinga walisema wanasikia sauti tatu zilizoshonwa pamoja na mshono ukiwa wazi. Mimi nasema walisikia sawasawa. Mshono upo, na asiyeusikia hajasikiliza. Lakini kuusikia ni nusu ya kazi ya mhakiki. Nusu ya pili ni kuuliza mwimbaji aliutumia kufanyia nini.

Nilikuwa bado namweleza hayo tulipotokea kwenye mwanga wa Ticino, ambako majina ya stesheni yanageuka kuwa ya Kiitaliano: Bellinzona, Lugano, Chiasso. Mpwa wangu ameokota Kiitaliano kazini kwake, kwa wagonjwa na wauguzi wenzake, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa ulimi wangu.

Milano Centrale, stesheni iliyofunguliwa 1931, imejengwa kwa mawe na kwa majivuno, dari zake ziko juu mno kiasi kwamba sauti za watu hupotelea huko. Hatukukawia. Tulishika metro mpaka Duomo, tukapita chini ya paa la vioo la Galleria Vittorio Emanuele II, watalii wamepanga foleni kuzungusha kisigino juu ya picha ya fahali sakafuni ili wapate bahati, tukatokea upande wa pili kwenye uwanja wenye sanamu ya Leonardo da Vinci. Mbele yetu ndiyo La Scala.

Jengo halina kishindo. Ukuta wake wa rangi ya malai unaweza kupitwa na mtu mwenye haraka zake. Lilichorwa na Giuseppe Piermarini, likafunguliwa 3 Agosti 1778 kwa opera ya Salieri. Mabomu yaliliharibu Agosti 1943. Lilipokwisha kujengwa upya, Arturo Toscanini, aliyekuwa ameikimbia Italia ya Mussolini, alirudi kuongoza tamasha la ufunguzi tarehe 11 Mei 1946, na miongoni mwa waliochaguliwa kuimba usiku ule alikuwamo msichana mmoja aitwaye Renata Tebaldi.

Pembeni mwa jumba kuna makumbusho. Niliingia nikitafuta Callas, lakini aliyenishika miguu ni Giuditta Pasta, aliyekufa miaka 58 kabla Callas hajazaliwa. Picha yake ya rangi imetundikwa humo. Pasta ndiye Norma wa kwanza duniani, katika opera ya jina hilo, hapo hapo La Scala, 26 Desemba 1831, na usiku ule watu hawakuipokea vizuri kazi hiyo, mpaka Bellini mwenyewe, mtunzi wake, akaandika katika barua kwamba imeanguka. Leo kila soprano mwenye tamaa anaiogopa Norma na kuitamani.

Kuhusu sauti ya Pasta tuna ushahidi wa mwandishi Mfaransa, Stendhal. Katika kitabu chake juu ya maisha ya Rossini, kilichotoka 1824, alieleza kwamba sauti ya Pasta haikufuliwa kwa madini ya aina moja, na kwamba kutolingana huko ndiko kulikompa mwanamke yule uwezo wa kuonyesha hisia nyingi kuliko waimbaji wenye sauti iliyonyooka. Nilisimama mbele ya picha ile nikawa namweleza mpwa wangu kwa vidole: huyu ndiye wa kwanza kuimba Norma, ndiye wa kwanza kuimba Anna Bolena, ndiye wa kwanza kuimba Amina katika La sonnambula, na zote tatu, baada ya zaidi ya miaka mia moja na ishirini, Callas aliziimba hapa na zikawa kama mpya. Mhakiki wa Milano, Teodoro Celli, aliliona hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliandika makala ndefu kueleza kwamba sauti ya Callas ni ya karne nyingine, na kwamba wanaoipima kwa mizani ya sauti za siku hizo wanatumia mizani isiyo yake. Kwangu hiyo ndiyo makala bora kuliko zote zilizoandikwa juu ya Callas akiwa hai. Celli hakuificha kasoro, aliitafutia ukoo.

Kutoka makumbusho mgeni anaruhusiwa kuchungulia ukumbi. Viti vyekundu chini; kuzunguka kwake safu nne za vyumba vidogo vya watazamaji, vyenye dhahabu na vitambaa vyekundu; juu ya hivyo, karibu na dari, safu mbili zisizo na vyumba. Safu hizo mbili ndizo loggione, roshani ya juu. Huko bei ni ndogo, na kwa viti vya pembeni jukwaa huonekana nusu kwa kujipinda. Matajiri hukaa chini. Wanaojua nota kwa moyo, kwa muda wa vizazi kadhaa, wamekaa juu. Mpwa wangu aliniuliza tutakaa wapi jioni. Nikamwonyesha kwa kidole, akacheka kwa hofu.

Msomaji asiyemjua Callas anastahili kuambiwa alivyofika hapa. Alizaliwa New York 1923 kwa wazazi Wagiriki, akahamia Athens 1937 na mama yake, akafundishwa na soprano wa Kihispania, Elvira de Hidalgo. Italia alifika 1947 kuimba La Gioconda katika uwanja wa Kirumi wa Verona, chini ya Tullio Serafin. Kilichowatikisa watu kilitokea Venezia, Januari 1949. Alikuwa anaimba Brünnhilde katika Die Walküre ya Wagner, nafasi inayotaka koo la kupasua okestra nzima. Soprano aliyepangwa kuimba I puritani ya Bellini akaugua. Serafin akampa Callas nafasi hiyo aijifunze kwa siku chache tu, na ndani ya mwezi ule ule mwanamke aliyekuwa shujaa wa Wagner akasimama kuimba noti ndogondogo za Bellini zinazokwenda mbio kama maji ya mfereji. Walimu wa sauti walikuwa wakifundisha kwamba jambo hilo haliwezekani kwa koo moja.

Hata hivyo La Scala haikumkumbatia. Aprili 1950 alikuja kuimba Aida mahali pa Tebaldi aliyekuwa mgonjwa, na magazeti yakamsifu kwa shingo upande. Mlango ulifunguka 7 Desemba 1951, sikukuu ya Mtakatifu Ambrogio, msimamizi wa mji, siku ambayo La Scala hufungua msimu wake. Aliimba I vespri siciliani, na Franco Abbiati wa Corriere della Sera akalistaajabia koo lile, hasa mng'ao wa noti zake za chini na za kati. Zingatieni: za chini na za kati, zile zile ambazo wengine waliziita zimefunikwa.

Kuanzia hapo Milano ikawa na vyama viwili. Tebaldi alikuwa na sauti moja tangu juu mpaka chini, ya asali, isiyo na mshono. Waliompenda waliona Callas ni dhihaka kwa uimbaji. Waliompenda Callas waliona Tebaldi anaimba tu. Sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, kwa sababu nimewasikiliza wote wawili na sioni kwa nini sikio litake kimoja tu. Lakini ushabiki ule uliingia ndani ya ukumbi, ukakutana na wapiga makofi wa kulipwa, kundi lenye kiongozi na bei zake, na baada ya hapo ikawa vigumu kujua ni makofi gani yametoka moyoni na ni yapi yametoka mfukoni. Tebaldi akaihama La Scala, akaenda Marekani.

Sasa nirudi kwenye Traviata. Visconti aliipeleka hadithi mbele mpaka mwisho wa karne ya 19, Lila De Nobili akachora mandhari na maleba. Mwisho wa tendo la kwanza, wageni wameondoka, Violetta yuko peke yake na wimbo mgumu kuliko zote katika opera ile. Callas alivua viatu kwa kuvirusha, kama anavyofanya mwanamke yeyote aliyesimama usiku kucha akifika nyumbani. Wahakiki kadhaa walichukizwa na viatu vile kuliko walivyosikiliza wimbo. Mwishoni alikufa amevaa kofia na koti, amejiandaa kutoka, macho wazi. Hilo nalo likaitwa ukosefu wa adabu. Giuseppe di Stefano, aliyeimba Alfredo, mpenzi wa Violetta, hakuvumilia kumwona Callas akitoka peke yake mbele ya pazia kupokea vifijo. Akajitoa baada ya onyesho la kwanza, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine.

Lakini jambo lililonileta Milano ni dogo kuliko viatu. Ni pumzi. Katika tendo la tatu Callas aliimba kama mtu ambaye mapafu yake yamekwisha kuliwa na kifua kikuu. Sauti imekonda, sentensi zinakatika mahali ambapo mgonjwa angekata, na noti ya mwisho ya wimbo wa kuaga inatoka nyembamba, inatetemeka, karibu ivunjike. Baadaye alieleza kwamba alihangaika miaka kuipata sauti ya ugonjwa kwa ajili ya Violetta, halafu akasoma kwamba Callas alionekana kuchoka na pumzi ilimpungukia tendo la mwisho. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mhakiki aliyeandika hivyo hakusema uongo: pumzi ilisikika ikipungua. Alichokosa ni kuuliza ni pumzi ya nani.

Nasema hivi bila kutaka kumfanya Callas malaika. Mwaka 1954, baada ya kupunguza karibu kilo 30, alikuwa mwigizaji mwepesi na mrembo, na wengi, mimi nikiwa mmoja, tunasikia katika rekodi za baadaye kwamba noti za juu zilianza kupoteza mhimili. Kulikuwa na jioni ambazo kokoto zilikuwa kokoto tu, hazikujenga kitu. Shabiki wake anayekataa hilo anamdhulumu, maana anaifanya kazi yake ionekane kama zawadi iliyoshuka ilhali alikuwa anaipigania kila usiku.

Na wasikilizaji wa roshani ya juu walikuwa wakali. Inasimuliwa kwamba Traviata ilipofufuliwa 1956, katikati ya maua yaliyorushwa jukwaani kulikuwa na kifungu cha figili, na Callas, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni mbali, alikiokota akidhani ni maua. Alipokitambua akakinusa kwa tabasamu na kukisifu kama kachumbari nzuri. Januari 1958, Roma, mbele ya Rais Gronchi wa Italia, sauti ilimkimbia katika Norma, akaondoka baada ya tendo la kwanza, na nchi nzima ikamtukana. Miaka mingi baadaye mahakama ndiyo iliyompa haki. Desemba 1961 alirudi La Scala kuimba Medea, koo limechoka kweli sasa. Roshani ikaanza kumfyonya. Callas akanyamaza, akainua macho kuwatazama, kisha ile lawama ambayo Medea humtupia mume aliyemwacha, kwamba ni mkatili na kwamba alimpa kila kitu, akaielekeza kwao. Wakanyamaza, na mwisho wakampigia makofi. Alitoka kwenye jukwaa lile mara ya mwisho Juni 1962.

Aliondoka, Traviata yake ikabaki. Desemba 1964 Herbert von Karajan aliileta opera hiyo tena La Scala na Mirella Freni, soprano mwenye sauti nzuri iliyokuwa bado changa. Roshani ilimzomea. Baada ya msimu ule La Scala haikuonyesha La traviata tena mpaka 1990, Riccardo Muti alipothubutu na waimbaji vijana. Miaka ishirini na sita! Opera inayopendwa kuliko karibu zote, katika nyumba ya Verdi, ikawekwa kabatini kwa woga wa kumbukumbu ya mwanamke mmoja. Hata 2013, ilipofungua msimu, Piotr Beczała aliyeimba Alfredo alizomewa, na mwongozaji Dmitri Tcherniakov vilevile.

Jioni ile tuliyofika, iliyokuwa jukwaani ni Traviata hiyo hiyo. Mpwa wangu ndiye aliyechagua tarehe kwa makusudi.

Tulipanda ngazi mpaka magoti yakalalamika. Kiti changu kilikuwa upande wa kushoto, na ili nione jukwaa ilinibidi niegemee mbele, mikono juu ya ukingo wa shaba, kama walivyofanya wote waliokaa pembeni. Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima sana, sweta la kijivu, na kitabu kinene cha nota kwenye mapaja, kimechakaa kingo zake na kimejaa alama za penseli. Nikamwamkia kwa Kiitaliano changu cha maneno matatu. Mpwa wangu akamweleza kwamba mjomba wake anaandika juu ya waimbaji katika Afrika ya Mashariki na ametoka mbali kuja kukaa hapa. Mama akanitazama kwa uzito, akauliza swali moja: "Unasoma nota?" Nikasema nasoma. Akasogeza kitabu kikawa katikati yetu.

Kwetu katika taarab, msikilizaji aliyeguswa na ubeti hunyanyuka na noti ya fedha mkononi akaenda kumtunza mwimbaji. Asiyeguswa hubaki amekaa, na kukaa kwake kunasomeka. Kwenye loggione nilikuta kitu kingine. Watu walisikiliza kwa mwili mzima. Mzee mmoja alikuwa amefumba macho na vidole vyake vinahesabu. Vijana wawili nyuma yetu walikuwa wakivuta pumzi pale pale mwimbaji alipovuta. Sijawahi kuona hadhira inayojua kazi ya mtu kwa undani namna ile, na nikaelewa kwa nini mwimbaji anaweza kuwaogopa.

Mwisho wa tendo la kwanza ukafika. Kuna noti ya juu sana ambayo Verdi hakuiandika, lakini desturi imeiweka pale, na Callas aliiimba. Soprano wa jioni ile aliimaliza sehemu ile kama ilivyoandikwa, bila kupanda. Makofi yakaja kutoka chini kama mvua. Kwetu juu yakaja nusu nusu, na kutoka upande wa kulia mtu mmoja akazomea, sauti moja nzito ya mwanamume. Mama wa sweta akageuka kwa hasira, akasema neno ambalo mpwa wangu alikataa kunitafsiria. Kisha akanionyesha ukurasa: noti ile haipo, anazomewa kwa kutii.

Wakati wa mapumziko tulibaki pale pale. Nikamuuliza, kwa ulimi wa mpwa wangu, kama aliwahi kumsikia Callas. Hapana, alikuwa mtoto. Lakini usiku wa Freni alikuwapo, mwanafunzi, amesimama. Hakuzomea, akasema, ila hakuwatetea pia waliozomewa, na hilo linamsumbua. Nikamweleza juu ya pumzi ya tendo la tatu, na waliosema Callas amechoka. Hakunijibu kwa mdomo. Alifunua kitabu mpaka wimbo wa kuaga, akaweka ukucha chini ya noti ya mwisho. Pale Verdi ameandika kwamba noti hiyo iimbwe kwa uzi wa sauti.

Nilikuwa naijua rekodi ile kwa miaka mingi na sikuwahi kuiona alama hiyo kwenye karatasi. Uzi. Noti iliyolaumiwa kwa wembamba ilikuwa imeagizwa iwe nyembamba, kwa mkono wa mtunzi, zaidi ya miaka mia moja kabla ya lawama.

Taa zikazimwa, na tendo la tatu likaanza na fidla zinazolia juu, chache. Soprano alikuwa amelala kitandani. Alipofika kwenye wimbo wa kuaga aliuimba beti zote mbili, ingawa wengi huukata wa pili. Ubeti wa kwanza ulikuwa safi, safi mno kwa mgonjwa. Katika wa pili kitu kilibadilika. Pumzi ilimwishia katikati ya sentensi, nikasikia, wote tukasikia. Yule mzee aliyekuwa akihesabu vidole akafumbua macho. Soprano hakuikimbilia sentensi iliyofuata kuficha pengo. Alilikubali, akavuta hewa kwa sauti ya kusikika, akaendelea kutoka hapo, na noti ya mwisho ikatoka uzi, ukitetemeka, lakini haukukatika. Kukawa na kimya, kisha vifijo kutoka roshani yetu, na yule mzomeaji wa kulia, nilimtazama, alikuwa anapiga makofi mikono ameiinua juu ya kichwa.

Nje, kwenye uwanja, watu hawakuondoka. Walisimama makundi makundi wakibishana kwa mikono. Mama wa sweta alikuwa na sisi, kitabu kwapani, akisubiri tramu. Mpwa wangu alishikilia kwamba pumzi ilimwishia soprano kwa bahati mbaya. Mimi nilishikilia kwamba hata kama ilianza kwa bahati mbaya, alichokifanya baada ya hapo hakikuwa bahati. Mama alitusikiliza tukibishana kwa Kiswahili mpaka akachoka, akataka atafsiriwe.

"Mjomba atakwenda kuandika nini?" mpwa wangu akaniuliza kwa niaba yake.

Nikasema nitaandika kwamba noti ya juu ya tendo la kwanza hakuiimba na hakupaswa kuiimba. Kwamba ubeti wa kwanza wa kuaga aliuimba kama mtu mzima wa afya. Kwamba katika wa pili pumzi ilipungua, naye akaitumia.

Mama akatikisa kichwa. Akafungua kitabu chini ya taa ya barabarani, akapekua mpaka tendo la pili, pale Violetta anapomsihi Alfredo ampende kabla hajamkimbia. Hapo, akasema, soprano alitangulia okestra kwa nusu mdundo, na kiongozi akalazimika kumkimbilia. Andika na hilo. Mpwa wangu akasema hakulisikia. Mama akamwambia atasikia akija tena, akaanza kumwimbia kwa sauti ya chini, mguu ukipiga mdundo, kumwonyesha ni wapi. Tramu ikaja ikaondoka, na yeye alikuwa bado hajafika mwisho wa sentensi.